Lori Limegonga Geti: Nani Analipa?

Mwezi uliopita niliomba barua kuhusu ankara za maji. Za maji zikaja tatu. Nyingine kumi na moja zilihusu vitu vilivyovunjika mahali pasipo na mwenyewe: geti, paa, ngazi, taa, mtaro. Basi maji yangoje. Nimechagua barua nne, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ugomvi wa hizo nyingine tatu nao umo ndani yake.

*

Mama, salaam. Ninaishi upande wa Kira, nje kidogo ya Kampala, mtaa wa nyumba 32 zilizozungushiwa ukuta mmoja wenye geti moja. Tuna chama cha wakazi. Kila nyumba hutoa shilingi 60,000 kwa mwezi: za askari wawili, za taka, za taa za njiani, na kinachobaki kinaitwa akiba. Mwezi wa nne jirani mmoja anayeongeza ghorofa aliagiza mchanga. Lori likaja saa mbili usiku, likakata kona vibaya, likaangusha nguzo ya kushoto ya geti na kupasua kifuniko cha kalivati. Dereva alishuka, akatazama, akapanda, akaenda zake. Mimi nilipiga picha ya namba ya gari kwa simu, lakini hakuna aliyeniuliza. Tangu siku hiyo geti limeegemezwa kwenye mti wa mkalitusi, na askari akitaka kufungua hulibeba kama jeneza. Fundi alikadiria 1,850,000 kwa nguzo, bawaba na kifuniko. Kamati inasema alipe jirani mwenye mchanga. Jirani anasema alinunua mchanga, hakununua lori. Mwenyekiti anasema akiba si ya kulipia makosa ya watu. Wiki tatu zilizopita pikipiki ya mpangaji wa nyumba ya tisa imeibiwa. Je, naweza kuacha kutoa 60,000 mpaka geti litengenezwe? Na hasa, nani anawajibika?
— Nyumba ya 21, Kira

Mwanangu wa nyumba ya 21, hayo ni maswali mawili yaliyofungwa kwa kamba moja, na kamati yenu imeshindwa kuyafungua. La kwanza: nani alisimamishe geti? La pili: nani mwishowe aumie mfukoni? La kwanza jibu lake ni chama. La pili huenda likawa mwenye lori, na litachukua muda. Kamati imekosea ilipoliacha la kwanza lilale njiani likingoja la pili.

Nimekuwa mweka hazina wa jengo letu la flati 24 hapa Kampala kwa miaka tisa. Nilitunza madaftari mawili ya shule, yale ya kurasa 96. La bluu niliandika UKARABATI, jekundu nikaandika MADAI. Kitu kikivunjika kiliingia kwenye la bluu siku hiyohiyo: nini, lini, fundi kasema ngapi. Aliyevunja akijulikana, jina lake liliingia pia kwenye jekundu. Mwaka mmoja watu waliokuwa wakihamisha kabati la nguo walilibamiza kwenye reli ya ngazi, ghorofa ya pili, vyuma vitano vikang'oka. Kutoka pale hadi chini ni mita sita, na jengo lile lina watoto kama kuku. Fundi wa kuchomelea alikuja Jumatano ileile, nikamlipa kutoka akiba. Mwenye kabati nilimfuata miezi kumi na minne, akinitumia elfu hamsini hamsini kwa simu, na kila hamsini iliyoingia niliirudisha kwenye hesabu ya daftari la bluu. Wapo waliosema namdekeza. Sawa, lakini reli ilikuwa imesimama.

Sasa, uwezo wa chama chenu unategemea ni chama cha namna gani, na hapa wengi hupotea. Wanaoishi kwenye flati zenye hati za kondominiamu wako chini ya Sheria ya Mali ya Kondominiamu ya mwaka 2001. Ramani ya jengo ikishasajiliwa, chombo cha wenye nyumba huzaliwa kwa nguvu ya sheria yenyewe. Hakuna kuuliza nani anataka kujiunga: ukinunua flati umeshakuwa mwanachama, na hutoki mpaka uuze. Ngazi, paa, kuta za nje, ua na mabomba makuu ni mali ya wote kwa hisa. Kuvitunza na kuvikarabati ni wajibu wa chombo hicho, na kina haki ya kuwatoza wenye nyumba michango na kuwashitaki wasiolipa kama wadeni wengine.

Ninyi wa nyumba za kusimama peke yake, kila mmoja na hati yake na uzio wake, sivyo mlivyo. Chama chenu ni cha hiari. Nguvu yake yote imo kwenye katiba mliyotia sahihi. Baadhi ya vyama vya namna hii vimesajiliwa kama kampuni isiyo ya hisa, vingine kama vikundi vya jamii kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii, vingine havijasajiliwa popote ila vina muhuri na kikundi cha WhatsApp. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuomba nakala ya katiba. Tafuta kifungu cha kazi za chama. Kama kimeandika kwamba chama kitatunza geti, barabara ya ndani, mitaro au usalama wa mtaa, mwenyekiti hana pa kujificha: geti ni kazi ya chama, awe ameligonga nani. Maneno kwamba akiba si ya makosa ya watu ameyatunga mwenyewe. Akiba ni ya geti, na geti halijui limeangushwa na kosa au na upepo.

Lipo jambo jingine la kuchungulia, ingawa huenda lisikufurahishe. Ardhi iliyo chini ya geti ni ya nani? Katika mitaa mingi ya wilaya yenu ya Wakiso mwenye ardhi alikata viwanja, akauza, akaacha njia katikati. Njia ile huenda bado imo kwenye hati mama, ile ya ardhi nzima kabla haijakatwa, kwa jina lake au la watoto wake. Au imeonyeshwa kwenye ramani kama barabara ya umma, na hapo geti lenu limesimama kwa hisani tu, siku yoyote manispaa inaweza kuwaambia mliondoe. Na kalivati? Kama mtaro unaopita chini ya lango ni wa barabara kubwa ya nje, ofisi ya mhandisi wa manispaa inapaswa kuarifiwa kabla hamjamwaga zege, wasije wakapitisha greda juu ya hela zenu. Kama ni mtaro wa ndani mliouchimba wenyewe, ni wenu. Mtumeni mtu mmoja ofisi ya ardhi na namba ya bloku na ya kiwanja. Msimtume mwenyekiti, naona ana shughuli.

Tuje kwenye daftari jekundu.

Jirani yako amesema kweli nusu. Kununua mchanga si kununua makosa ya dereva. Lori lina mwenyewe, na mwenye lori hujibu makosa ya dereva wake anapokuwa kazini. Huyo ndiye wa kudai. Lakini jirani naye bado hajatoka kwenye lawama. Angalieni kanuni zenu: kuna saa za kuingiza vifaa vya ujenzi? Kuna kifungu kinachosema anayejenga atawajibika kwa magari aliyoyaita? Kama kipo, basi mwanachama alikikubali alipotia sahihi, na mnaweza kumdai yeye, naye amfuate mwenye lori. Kama hakipo, hamwezi kukitunga leo kwa ajili ya mwezi wa nne. Hata hivyo anacho kitu kimoja mnachokihitaji, nacho ni namba ya simu aliyoipigia siku ile. Mchanga wa Lwera haujileti wenyewe mpaka Kira. Mwombeni kwa adabu. Mkianza kwa kumwita mhalifu mbele ya kikundi kizima, hatatoa hata salamu.

Msitegemee ile stika ya bima iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele cha lori. Watu wengi huniambia, "Mama, gari lilikuwa na bima." Bima ya lazima, ile ya sheria ya 1989, ni ya watu waliouawa au kujeruhiwa. Haijengi ukuta wala haininginizi geti. Mwenye lori akiwa na bima kubwa aliyoilipia kwa hiari yake, hiyo huenda ikagusa mali ya watu, na ni haki yenu kumuuliza. Wengi wa malori ya mchanga hawana.

Picha uliyopiga ni mali. Ichapishe. Pelekeni taarifa polisi hata sasa, mpate namba ya kumbukumbu. Mwenyekiti wa LC1, lile baraza la serikali la kijiji, aje aone kwa macho, aandike barua na kuipiga muhuri. Askari aliyekuwa zamu aandike alichokiona, kwa lugha yake, asiandikiwe na katibu. Makadirio ya fundi yawe na sahihi na tarehe, na kazi ikiisha wekeni risiti zote. Kisha mwandikieni mwenye lori barua ya madai yenye kiasi na siku ya mwisho. Akikaa kimya, mahakama ya LC ina ruhusa kusikiliza madai ya kuharibiwa mali yasiyozidi shilingi milioni 2, na yenu ni 1,850,000. Ikizidi hapo ni kwa hakimu. Ndiyo maana nasema fundi asije akakumbuka rangi ya geti na taa mbili za urembo, mkajikuta milioni 2 na laki tatu.

Kabla hujaniamini kwamba mwenye lori atalipa yote, nenda asubuhi moja ukaiangalie ile nguzo iliyolala chini. Nakuomba uende kweli. Iangalie pale ilipovunjika. Nguzo ya kubeba geti la chuma inapaswa kuwa na nondo nne zinazotoka kwenye msingi mpaka juu, zimefungwa kwa mikanda ya chuma, na zege lililoshiba kokoto. Yetu sisi ilipoanguka mwaka wa mafuriko tulikuta matofali kwa nje kama kanzu nzuri, na ndani udongo, vipande vya vigae na chupa ya bia iliyolala kwa amani. Nondo moja tu, nyembamba kama kidole cha mtoto, na hata haikufika chini. Nguzo ya namna hiyo ingeanguka hata kwa bodaboda. Mkikuta hivyo, mwenye lori naye atakuwa na la kusema, kwamba ameangusha kitu kilichokuwa kinangoja kuanguka, na haki itamsikiliza kiasi. Pigeni picha ya tumbo la nguzo kabla fundi hajafagia.

Na fundi akishajenga mpya, msimruhusu atundike geti kesho yake. Zege changa linataka kumwagiwa maji asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na uzito wa geti ungoje zaidi ya hapo. Haraka ya kamati iliyolala miezi minne hunitia wasiwasi kuliko uvivu wake.

Sasa swali lako la moyoni: uache kulipa? Hapana. Najua hasira yako, lakini fanya hesabu: 1,850,000 gawanya kwa nyumba 32 ni kama 58,000 kwa nyumba. Yaani geti lote ni chini ya mchango wa mwezi mmoja. Mkiacha kulipa watu kumi tu, umeshaondoa laki sita kila mwezi kwenye mfuko uleule unaotaka ulipe fundi. Zaidi ya hayo unampa mwenyekiti zawadi. Leo mwenye kosa ni yeye. Kesho atasimama mkutanoni na orodha ya wadaiwa, na jina lako likiwa la kwanza mazungumzo yatakuwa juu yako. Kwetu waliacha watatu kulipa kwa sababu pampu ya maji ilikufa. Mita ya jengo ilikuwa moja. Ankara haikutimia, maji yakakatwa, tukachota jerikeni kutoka chemchemi wote, waliolipa na wasiolipa, na mama mmoja mjamzito akipanda ngazi nayo kichwani.

Lipa, na uandike kwenye ujumbe wa malipo: "Nalipa, nadai hesabu ya akiba na ukarabati wa geti." Kisha tafuta wenzako. Katiba nyingi huruhusu idadi fulani ya wanachama kuitisha mkutano mkuu wa dharura kwa sahihi zao; isome yenu inataka wangapi. Ajenda iwe na mambo mawili tu, la bluu na jekundu. Kwanza: chama kitengeneze geti kutoka akiba, na akiba isipotosha kila nyumba itoe tofauti. Pili: watu wawili wateuliwe kudai mwenye lori, na kitakachopatikana kirudi kwenye akiba. Msiruhusu la tatu. Pikipiki ya mpangaji wa nyumba ya tisa itajadiliwa siku nyingine, maana ikiingia, mtalala hapo. Chama kinaweza kulaumiwa kwa kuacha geti wazi miezi minne, lakini kukilipisha pikipiki kunataka ushahidi kwamba mwizi alipita hapo na si juu ya ukuta.

Nimekulia kambi ya polisi, ndipo nilipokipata Kiswahili hiki. Tulikuwa na bomba moja kwa vyumba kumi na viwili. Bomba lilikuwa la serikali, kila mtu alijua hivyo, na likianza kuvuja barua ilipelekwa kwa mkubwa wa kambi. Wakati barua inasafiri, mama yangu alikata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga bomba mizunguko kumi. Akaandika pia gharama ya mpira, kwa mkaa, ukutani. Sijui kama alilipwa.

*

Mama, mimi nakaa flati ya juu kabisa, ghorofa ya nne, jengo la zamani. Paa linavuja juu ya chumba cha watoto. Wa chini wanasema mvua haiwanyeshei, nitengeneze mwenyewe. Je, ni sawa?
— Mlowa, Kampala

Si sawa, na waambie nimecheka. Paa ni la jengo, halikushonwa kwa ajili ya ghorofa ya nne. Chini ya sheria ya kondominiamu kila mwenye flati ana hisa yake kwenye mali ya pamoja, imeandikwa kwenye ramani iliyosajiliwa, na michango ya ukarabati hufuata hisa hizo. Wa chini anachangia paa kama vile wewe unavyochangia shimo la majitaka lililoko mlangoni kwake. Siku chemba ile ikiziba na kufurika kwenye baraza lake, waulize kama uchafu ule umeshuka kutoka mbinguni.

Ugonjwa huu una historia. Flati nyingi za zamani za Kampala zilijengwa na serikali au shirika lake la nyumba, kisha zikauzwa kwa waliokuwa wakiishi ndani. Watu walizoea kwamba likivuja, mwenye nyumba ataleta fundi. Wakanunua chumba na sebule, wakapewa hati, wakapiga picha. Hawakugundua kwamba siku ile walinunua na paa, na kwamba mwenye nyumba wa kusubiriwa sasa ni wao wenyewe. Kama jengo lenu halina kamati inayokutana, hilo ndilo tundu kubwa kuliko la juu ya watoto.

Ndani ya flati yako ni juu yako: rangi, godoro lililolowa, bomba linalohudumia jiko lako peke yako. Lakini kama uliandika kwa kamati mara mbili ikakaa kimya na dari ikaharibika kwa sababu ya kukaa kimya huko, weka nakala za barua. Unaweza kudai na hayo.

Kabla ya yote, pandeni darini na juu ya paa na fundi, na mwanakamati mmoja awepo kwa macho yake. Kwetu tulilipa mara mbili kubadilisha mabati yasiyo na kosa. Mara ya tatu nilipanda mwenyewe, nikiwa na miaka hamsini na sita na viatu vya mpira, nikahesabu madishi 17. Kumi na moja yalikuwa maiti, nyaya zimekatwa, wenyewe wamehama zamani. Kila dishi limeshikwa kwa misumari minne ya kuzungusha, na kila msumari ni tundu. Pembeni ya moja palikuwa na alama ya kutu iliyochora njia ya maji mpaka chini kabisa ya bati, kama mtu aliyechora mto Nile kwenye ramani. Tukaondoa yote kumi na moja kwa fedha za wote, tukaziba matundu, na kwa wale sita walio hai tukaandika kanuni: mwenye dishi ndiye mwenye tundu lake. Lile swali la nani alivunja na nani atengeneze limerudi tena, umeona? Kwa madishi yasiyo na mwenyewe tulilipa wote, maana mvua ya Septemba haikuwa na nafasi ya kungoja tuwatafute watu waliohamia Mbarara.

*

Mama, mimi ni mpangaji Mukono, nalipa 450,000 kwa mwezi. Chama cha mtaa kinanidai laki mbili za kumwaga maramu, ule udongo wa changarawe, barabarani na laki moja ya transfoma iliyoungua. Mwenye nyumba anasema nilipe kwa kuwa natumia barabara na umeme. Nifanye nini?
— Mpangaji, Mukono

Kwanza mkataba wako. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 inataka mikataba yenye thamani ya kuanzia shilingi 500,000 iwe ya maandishi, na ukijumlisha kodi ya miezi yako umeshapita hapo mbali. Kama mkataba unasema utalipa michango ya mtaa, angalia ipi. Kwa desturi, na kwa akili, ya kila siku ni ya anayeishi: askari, taka, umeme wa taa za njiani. Kinachobaki pale wewe ukiondoka ni cha mwenye ardhi. Maramu itamwongezea thamani ya nyumba yake miaka mitano ijayo, na wewe huenda Desemba uko Jinja. Mwambie hivyo kwa upole, na kama yuko mbali na hana haraka, jitolee kulipa leo akukate kwenye kodi. Iwe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu, kabla hujalipa.

Transfoma ni hadithi nyingine. Kama ni ya kampuni ya usambazaji wa umeme, inayohudumia wateja wake kwa mita zao, kuitengeneza ni kazi ya kampuni, na mchango wa wakazi hauna msingi. Nimeona mitaa ikichangishana na kumkabidhi fedha kijana mwenye ngazi na kofia ya plastiki, akapotea. Dai risiti ya ofisi au usitoe kitu. Ikiwa transfoma ilinunuliwa na watu binafsi kwa ajili ya mtaa wao na haijakabidhiwa, basi ni mali ya hao walioinunua, na wewe haumo.

Na maramu: ulizeni kwanza kama barabara imo kwenye orodha ya barabara za manispaa. Kama imo, mnafanya kazi ya mtu mwingine, na angalau mwandikieni barua aifahamu. Kusafisha mtaro kwa majembe Jumamosi ya bulungi bwansi, kazi ya kujitolea ya mtaa, ni jambo jema, mimi huenda na kofia yangu. Kununua malori ya maramu ni bajeti.

*

Mama, vijana wa mtaa wetu wamevunja kwa mpira taa ya sola tuliyoichangia nyumba 14. LC ameushikilia mpira ofisini tangu Januari mpaka wazazi walipe. Wazazi wanasema taa iliwekwa kwenye uwanja wa mpira. Ushauri?
— Arua

Taa ibadilishwe wiki hii kwa mchango wa nyumba 14, kwa kuwa giza ni la wote. Wazazi waulizwe sehemu yao kwa haki, ninyi pia mjiulize nani aliamua kusimamisha kioo nyuma ya goli. Nguzo mpya isogezwe hatua ishirini na taa ifungiwe wavu wa chuma. Fundi yeyote wa madirisha anausuka kwa nusu saa.

Mpira urudishwe leo. Haukuchangiwa na nyumba 14.